Mtandio wa Tata na Ngoma ya Mtakatifu Andrea

La, sijabadili mawazo, na usingizi haukunilainisha. Ile si ngoma.

Leo ni Jumapili, tarehe mosi Desemba 2013, hapa Eagan, Marekani. Nje kumeganda. Dirisha la jikoni limeota barafu kwa ndani, na mume wangu yuko chini kwenye maegesho anakwangua kioo cha gari huku akipiga mluzi. Anapiga wimbo wa jana, ule wa kipuuzi, na bado nimesimama dirishani kumsikiliza. Nampenda mwanamume huyu mpaka naona haya. Tumeoana tangu Septemba, na kila nikisikia funguo zake mlangoni moyo unaruka kama wa mwanafunzi aliyesikia kengele ya kwenda nyumbani.

Lakini niyaseme ya jana, maana yananiwasha.

Jana ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Andrea. Kanisa analosali mume wangu Mwangi, kule Saint Paul, lilijengwa zamani na Waskoti. Wazee wao waliobaki, pamoja na Wakenya waliolijaza siku hizi, kila mwaka siku hiyo hushuka kwenye ukumbi ulio chini ya kanisa na kucheza dansi za Kiskoti. Sasa Andrea, kwa Biblia niliyosoma mimi, alikuwa mvuvi wa Galilaya, ndugu yake Petro. Hakukanyaga Uskoti. Hakuna aya inayosema alirukaruka kwa ncha za vidole. Lakini ndiye mtakatifu wao, basi wanamchezea, na mimi nikatakiwa nivae viatu laini kama soksi nikamchezee pia.

Nisingekwenda. Nilikwenda kwa ajili ya Tata.

Tata ni shangazi yake Mwangi. Ndivyo Wakikuyu wanavyomwita shangazi. Ndiye aliyemleta Marekani akiwa kijana, akamlea nyumbani kwake Lakeville, akamsomesha. Sisi tulifunga ndoa kabla hajamaliza mashauri yake ya posa, nani asafiri hadi Iringa kwa wazazi wangu, nani abebe nini. Hatukuweza kungoja. Ungemwona Mwangi akicheka usingeuliza kwa nini. Basi Tata hakuja harusini. Alisema yeye hajui kama Mwangi ameoa, alisikia tu kwa simu. Tangu hapo mimi ni "huyo msichana," na mlango wa Lakeville haujafunguliwa kwangu.

Na Mwangi, roho yangu, akasema neno ambalo nitalikumbuka hadi meno yanitoke: "Mahali bibi yangu hajaitwa, mimi naenda kufanya nini?"

Bibi, kwao, ni mke. Hajaingia nyumba ile tangu siku hiyo.

Nililia kwa raha aliposema vile. Ila sasa kila tukipita barabara kuu ya kusini naona anavyokitazama kibao cha kutokea kwenda kwa Tata. Anakaza mikono kwenye usukani. Jumapili akimpigia simu, Tata humuuliza kama anakula, kama gari linawaka, kama anavaa kofia. Mimi siulizwi. Akishakata simu huchezea kijiko mpaka chakula kinapoa.

Sikuolewa ili niwe ukuta kati ya mtu na mama aliyemlea. Hata kama mama mwenyewe ni Tata.

Kwa hiyo nikasema twende kwenye hiyo dansi yao, ambayo Tata hakosi. Wiki nzima Mwangi alinifundisha jikoni. Viti vilikuwa wanaume, ufagio na ndoo walikuwa wanawake, na mfuko wa mchele ulikuwa Tata, kwa sababu ndio uliokuwa hausogei. Wanaume husimama mstari mmoja, wanawake mstari mwingine, wakitazamana. Mnakwenda katikati, mnarudi, mnazungukana, mnashuka nafasi moja, mnaanza tena na majirani wapya. "Beibi, kitu moja tu," Mwangi alikuwa akinionya kwa Kiswahili chake cha Nyeri kinachonichekesha kila siku. "Usivunje mstari. Ukivunja mstari, umeharibia kila mtu."

Sheria ya pili ni kwamba ukimpa mtu mkono lazima umtazame machoni. Akanipa mkono, akanitazama. Maharage yakaungua.

Hiyo ndiyo sehemu pekee ya dansi ya Kiskoti ninayoiheshimu.

Sasa ukumbi wenyewe. Taa nyeupe kama za hospitali, viti vya kukunja, harufu ya kahawa iliyochemshwa tangu asubuhi. Kila mtu kavaa drafti. Sketi za drafti kwa wanaume, mitandio ya drafti kwa wanawake, tai za drafti, hata mbwa mmoja mzee alikuwa na drafti. Peleka nguo zile Monduli, Wamasai watauliza tu nani amezichagulia rangi mbaya hivyo. Mwangi naye alikuwa ameazima sketi, lakini huyo ni habari nyingine. Sikujua kwamba mwanamume anaweza kuwa na magoti mazuri. Nawasikitikia wanawake wote ambao waume zao hushinda na suruali.

Tata alikuwa amesimama karibu na jukwaa, mtandio wake mwekundu na kijani umepita begani na kubanwa kwa pini kubwa ya fedha. Waskoti wenyewe hawana Uskoti kama wa Tata. Alisoma shule ya wamisionari wao huko kwao, na tangu hapo anaamini wamemwachia nchi aitunze. Kwa macho yangu nilimwona akimsahihisha mzee mmoja aliyezaliwa Edinburgh, kwamba mke wake kauvaa mtandio bega lisilo lake. Mzee wa watu akaomba radhi!

Nikamwendea, nikamwamkia, "Shikamoo, Mama." Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la hesabu. "Uko mzima," akasema, wala hakuwa anauliza. Kisha akamgeukia Mwangi akamrekebishia kola.

Dansi ikaanza. Yaani haikuanza, maana kwanza kuna mkutano. Kabla ya kila dansi wanatembezwa bila muziki, hatua kwa hatua, na Bibi Elspeth. Huyu ni mwalimu wao, bibi mfupi mwenye nywele nyeupe na sauti ya refa. "Vidole, wapendwa, vidole! Sisi si farasi!" anapaza sauti kwa Kiingereza chake cha kukwaruza. Niambie, ni watu gani hao wanaofanyia ngoma mkutano?

Hotelini ninakofanya kazi, sisi wa dobi hukunja mashuka wawiliwawili. Unamwendea mwenzako, unakutanisha ncha, unaachia, unarudi nyuma, unamwendea tena. Basi ndiyo dansi yao hiyo. Mimi hulipwa kuifanya.

Kiuno hakihusiki kabisa. Kuanzia shingoni kushuka wamekauka kama ubao wa pasi, halafu miguu inahangaika huko chini kana kwamba imeazimwa. Hakuna anayeimba. Hakuna anayetokwa jasho la maana. Wimbo ukiisha wanainamiana, wanasema asante, wanapiga makofi kama watu wanaoogopa kumwamsha mtoto. Nilidhani labda chakula kitaokoa jioni. Kikaletwa tumbo la kondoo lililojazwa maini na mapafu na shayiri, haggis kwa jina lao, limebebwa juu kwa heshima kama jeneza la chifu. Mwangi akaniinamia sikioni: "Usiogope, beibi. Hii ni mutura tu, imeenda university." Mutura ni soseji yao ya utumbo wanayochoma huko kwao. Nilicheka mpaka Tata akageuka.

Kumbe pia ni utovu wa adabu kucheza na mumeo usiku kucha. Baada ya dansi ya kwanza lazima mgawanyike, kila mtu acheze na kila mtu. Watu wameoana kwa upendo, halafu kanisa linawatenganisha chini ya ghorofa! Mimi nikagawiwa daktari wa meno mstaafu, mrefu, mikono baridi kama koleo lake, anayehesabu hatua kwa sauti. Nilipomtazama machoni kama sheria inavyotaka, yeye alikuwa akitazama meno yangu.

Nikamshukuru, nikaenda kukaa. Mabegani nilikuwa nimejitanda kanga kwa sababu ya baridi ya ukumbi ule. Ni upande mmoja wa doti ambayo mama yangu alinitumia kutoka Iringa kwa ajili ya ndoa yangu. Maandishi yake ni ya dua tu, asije mtu akasema nilikwenda kupiga vijembe.

Ndipo nikawaona, Tata na Mwangi, jozi ya kwanza juu ya mstari. Hiyo ni dansi yao ya kila mwaka. Ndiyo aliyomfundisha tangu alipofika, kijana mwembamba asiyejua mtu hapa. Mzee wa akodioni akakamua kinanda chake kifuani, nao wakashuka katikati wameshikana mikono. Na Mwangi wangu akacheka. Si kile kicheko cha kunituliza ninachokipata Jumapili baada ya simu. Kilikuwa kicheko kizima, cha mtu aliye kwao. Sijakiona tangu Septemba.

Sikufikiri. Kwetu mtu akicheza vizuri hukai kitako ukampigia makofi ya adabu. Unainuka, unaingia uwanjani, unamtunza. Mwenye noti anampachika noti, mwenye kanga anamvisha kanga, na vigelegele juu. Ndiyo heshima ya mchezaji. Basi nikaivua kanga, nikapiga kigelegele kimoja cha Iringa hasa, nikaingia katikati ya mstari nimvishe mume wangu.

Tatizo la dansi zao ni kwamba hakuna anayekaa pale alipokuwa. Wanapishana na kuzungukana kama wanaochora namba nane. Nilipolenga, pale alikuwapo Mwangi. Kanga ilipotua, pale alikuwapo Tata.

Ikamfunika kichwa na mabega.

Daktari wa meno, ambaye alikuwa anahesabu hatua katika mstari uleule na mwenzi mwingine, hakuona kitu zaidi ya hesabu yake. Akamgonga mama wa mbele, mama akamgonga jirani, na mstari mzima ukakunjamana kama shuka lililotoka kwenye mashine. Mzee wa akodioni akaendelea kidogo peke yake, kisha naye akanyamaza.

Tata akaishusha kanga usoni pole pole.

"Wewe msichana," akasema kwa Kiswahili, ili Waskoti wake wasisikie. "Hapa unafikiri ni harusi ya kijijini kwenu?"

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa na majibu mengi, yote yana meno. Nilitaka kumwambia kwamba kijijini kwetu hata vitanda vinacheza vizuri kuliko wao. Lakini nikamtazama Mwangi, kile kicheko kikiwa kinamtoka usoni, nikameza yote. Yaliniteremka kama mfupa wa samaki.

Bibi Elspeth akaja akitaka kujua kitambaa kile kina maana gani. Na hapo mume wangu, fahari yangu, akakohoa kidogo, akaeleza kwa Kiingereza kizuri kwamba kwa kina mke wake, bibi arusi akimwona mama mkubwa wa upande wa mume amecheza vizuri, humvisha kanga mbele ya watu ili kumheshimu.

Mwongo mtakatifu! Andrea na Petro wamsamehe. Sikumkanusha. Nilipiga goti mbele ya Tata, kama tunavyofanya Iringa kwa mtu mzima, na Waskoti wakanong'onezana kwa furaha, wakidhani nimeshika salamu yao ya kuanzia dansi.

"Vizuri sana," akasema Bibi Elspeth. "Naye ameshapewa mtandio wake?"

Kumbe nao wana mila. Mwanamke akiolewa kwenye ukoo, mama mkubwa wa upande wa mume humvisha mtandio wa drafti, akaubana begani kwa pini, na kuanzia hapo ni mtu wa nyumba ile. Mimi sikujua. Tata alijua. Angewezaje kusema hajui, mwanamke aliyetoka kumfundisha mtu wa Edinburgh mabega? Nilimwona akitafuta pa kutokea. Alikuwa ameujenga mwenyewe Uskoti ule, tofali kwa tofali, na hakuacha mlango.

Wanawake wa Kikenya waliokuwa kwenye birika la chai wakaacha vikombe. "Si umvalishe, shangazi!" mmoja akaita. "Mtoto ataganda hapo!"

Tata akafungua pini yake. Akavua mtandio, akanipitisha begani, akanyoosha mikunjo kwa nguvu kama anayetandika kitanda cha mgonjwa msumbufu. Uso wake ulikuwa karibu na wangu, na alinukia mafuta ya kifua.

"Usifikirie nimekubali kitu," akanong'ona.

"Sijafikiria, Mama."

"Na hii si yako. Ni ya kuazima. Utaniletea nyumbani, wewe mwenyewe, usitume Mwangi. Kabla Desemba iishe, niko na dansi ingine ya mwaka mpya."

"Ndiyo, Mama."

"Na ukuje umekula. Mimi sipikii watu waliooana bila kuniambia."

Akaingiza kiganja chake chini ya kitambaa, kati ya bega langu na pini, akabana. Nikamwona amekunja uso kidogo. Nilidhani ni ile chuki yake ya kawaida.

Wanawake wa birika la chai wakapasua vigelegele, na ndiyo mara ya kwanza jioni ile ukumbi ule kufanana na mahali penye watu. Bibi Elspeth, ambaye hata Bwana Yesu akirudi atamwambia angoje mstari ukae sawa, akaamuru dansi irudiwe kuanzia juu na mimi nikiwemo. Kwa hiyo, dansi ilipofika mahali pake, ilibidi nimpe Tata mkono na kumtazama machoni.

Nikampa. Nikamtazama. Naye akanitazama.

Sitaki kulieleza hilo hapa.

Tulipotoka, magari yote yalikuwa yamevaa barafu. Tata alikuwa ndani ya gari lake, injini inaunguruma, kanga ya mama yangu bado iko mabegani mwake juu ya koti. Hakuirudisha. Hata dalili ya kuirudisha hakuonyesha. Akashusha kioo, akazungumza na Mwangi kana kwamba mimi ni nguzo ya taa.

"Mwangi, huyu wako hukula njahi?" Njahi ni maharage meusi, ambayo kwao hupikiwa mwanamke wa heshima.

"Anakula kila kitu, Tata."

"Uongo. Haggis hakumaliza. Nilimwona akiificha chini ya mkate."

Akapandisha kioo, akaondoka.

Mwangi alicheka njia nzima. Tulipofika kwenye kile kibao cha kusini alikitazama kama kawaida, lakini mkono wake mmoja ulikuwa juu ya goti langu, na usukani aliushika kwa vidole vichache tu, kama mtu asiye na haraka.

Sasa ndiyo nimeweka ubao wa pasi hapa jikoni. Mtandio umekunjamana, na hakuna mtu atakayesema nimerudisha kitu cha watu hivyo, Tata akiwa wa kwanza. Nilipougeuza upande wa ndani, pale penye tundu la pini, nikaona doa. Dogo, kama punje ya ulezi, limekauka na kuwa kahawia.

Nikavua blauzi nikajitazama bega kwenye kioo cha bafuni. Sina hata mkwaruzo.

Doa la damu si kazi kwangu. Maji baridi, sabuni ya mche, unasugua taratibu, usiguse maji ya moto. Bakuli liko hapa mbele yangu tangu nilipoanza kuandika. Sijalitumia.

Nitapiga pasi pande zote na kuliacha doa lilivyo. Na aone kwamba nimeliona.

Dansi yao bado naidharau. Nitaidharau hadi nife, na wajukuu wangu nitawafundisha kuidharau. Drafti zao, mikutano yao, lile tumbo la kondoo, yote. Na Tata bado ni mwanamke mwenye majivuno kuliko mtu yeyote niliyewahi kumpigia goti. Nusu ya doti ya mama yangu iko Lakeville na simwoni akiitoa.

Lakini mwezi huu hautaisha bila mimi kubisha mlango ule, mtandio mkononi, na Mwangi nyuma yangu. Nitakwenda nimeshiba, kama alivyoagiza. Na nitakula tena.